Ua Linalotangulia Jani

Keza mwanangu,

Umetoka kwenda Alby kuagana na rafiki zako, na mama yako yuko zamu ya jioni kwa wazee wake. Nyumbani nimebaki mimi na begi lako. Limekaa pale mlangoni kama mgeni aliyekwisha kuaga lakini hataki kuondoka, na kila ninapokwenda jikoni nalizunguka kwa heshima. Nje bado kweupe. Unazijua jioni za mwezi wa nne huku Hässelby: jua limechoka lakini haliondoki, limeegemea tu kuta za maghorofa, na treni zinafika hapa mwisho wa laini, zinapumua kidogo, kisha zinarudi mjini.

Habari za soksi za sufu, na za kula kabla ya safari, na za kupiga simu ukifika, mama yako amezimaliza. Mimi nami niliongeza zangu mpaka ukaniambia, "Pappa, sluta," nikaacha. Barua hii si ya hayo.

Nakuandikia kwa sababu ya Jumapili. Tulikuwa na vyombo, wewe unaosha, mimi nafuta, ukaniuliza bila kugeuka, "Baba, unataka niende au hutaki?" Nikakujibu kwamba kwenye treni ya kaskazini kuna behewa la watu wanaopenda kimya, na kwamba nimesikia ni zuri. Ukaiosha tena sufuria uliyokwisha kuiosha. Halafu ukasema kwa Kiswidi, polepole, kwamba hukuuliza habari za treni.

Tangu siku ile hujaniuliza tena, na kesho asubuhi unaondoka. Kwetu mtoto haondoki nyumbani bila neno la mzazi wake. Bibi yako alikuwa akisema kwamba anayeondoka bila neno ni kama mtu aliyevaa viatu vya mwenzake: kufika atafika, lakini atatembea vibaya. Neno hilo bado liko kwangu, na nimekaa hapa kulitafuta. Nivumilie, maana halitokei mlango wa mbele. Linatokea nyuma ya njia ya treni, kwenye yale maua.

Kile kisa cha ua unapenda sana kukisimulia. Ulikisimulia kanisani, ukakisimulia tena siku ulipomaliza shule, umevaa ile kofia nyeupe ya wahitimu, na watu wakacheka mpaka soda zikawapalia. Mimi nami hucheka. Lakini wewe unakisimulia kama mtoto wa miaka sita alivyokiona. Leo nataka nikisimulie mimi, niliyekuwa mtu mzima ndani yake.

Wakati ule tulikuwa tunaishi katika chumba kimoja kwa Mrundi mwenzetu, wewe, mama yako, Bibi na mimi, na maombi yetu ya kukaa nchini yalikuwa hayajajibiwa. Sijui nikuelezeje kungoja kule. Nilikulia kambini Kigoma, nikajidhania bingwa wa kungoja: nimengoja maji, nimengoja unga, nimengoja mitihani. Lakini kule tulikuwa tunangoja pamoja, kwa kelele. Huku nilingoja kimyakimya, na kila mtu aliyenipita njiani nilimwona kama ndiye ameshika jibu letu mfukoni. Shule niliyosoma haikunisaidia. Kwangu kusoma kulikuwa kumeacha imani moja, kwamba kila kitu kimeandikwa mahali fulani, na anayepatikana na hatia ni yule ambaye hakukisoma. Basi nilisoma kila kitu. Nilisoma matangazo ya chumba cha kufulia, nilisoma vibandiko vya kwenye mapipa ya taka. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano, na nilitembea katika mji huu kama mtu aliyebeba yai mdomoni.

Darasani kwetu kulikuwa na mama mmoja mstaafu aliyekuwa akijitolea kutufundisha Kiswidi. Siku moja alituonyesha picha za maua ya majira ya kuchipua. Mojawapo lilikuwa gullviva, lile lenye vikombe vidogo vya manjano vinavyoning'inia upande mmoja kama shada la funguo. Akasema kwamba katika sehemu nyingi sheria inalilinda, mtu asiling'oe. Wenzangu walikuwa wanaangalia saa. Mimi nikaandika: "Maua ya manjano, sheria." Nikapiga mstari chini yake.

Na wewe wiki ileile ukaja mbio kutoka kwenye mteremko nyuma ya njia ya treni. Theluji ya mwisho ilikuwa bado imelala kandokando, nyeusi kwa vumbi. Kofia ulikuwa umeivua, umeishika kwa mikono miwili kama sahani, na ndani yake mlikuwa na ua moja la manjano, shina lake lina magamba kama mguu wa kuku.

"Baba, ni lako!"

Watoto wenzako walikuwa wakiwapelekea mama zao. Wewe ulinichagua mimi. Hilo silisikii unapokisimulia, ila mimi ndilo ninalolikumbuka kwanza. Nami nikakuuliza nini? Nilikuuliza, "Umelitoa wapi? Nani amekuona?"

Bibi alikuwa ameketi kwenye benchi anaota jua na koti lake la baridi. "Mwanangu," akaniambia, "hilo ni ua, si ng'ombe wa mtu."

"Mama, hujui sheria za huku."

"Wewe unazijua? Mpaka za nyuki?"

Nilikushika mkono tukarudi. Ukanionyesha mahali. Tukachimba kwa kijiti, tukalisimamisha ua lisilo na mzizi, tukalishindilia kokoto. Bibi alitufuata nyuma ameshika kiuno, anacheka hadi machozi. "Jamani, njooni muone! Mwanangu anairudishia serikali ua lake!"

Hapo ndipo unapoishia, na hapo ndipo watu huanguka kwa kicheko. Lakini kuna lililofuata. Jua lilikuwa limejificha nyuma ya maghorofa, na tulipokuwa bado tumechutama pale, ua likajifumba, likainamisha kichwa. Ukasema, "Limekufa." Nami nikaamini kwamba limekufa, na kwamba sisi ndio tuliolichuma, sisi ndio tuliolizika. Bibi ndiye aliyelichungulia akasema, "Halijafa. Limelala tu. Na ninyi mkalale."

Asubuhi nikiwahi darasani nilipita pale. Lilikuwa limefunguka lote, mwanangu. Limesimama katikati ya kokoto, halina mzizi chini wala ruhusa ya mtu, linalitazama jua usoni. Nilisimama mpaka treni yangu ikaondoka. Nilikuwa natamani kulichuma nikuletee wewe kitandani, nikwambie nimekosea. Nikaangalia huku na huku kama kuna anayeniona. Nikaenda zangu kungoja treni nyingine.

Mwaka uliofuata maua yalitoka mengi kuliko yale ya mwanzo, mteremko mzima ukawa kama mtu amemwaga rangi. Tulipofika pale uliubana mkono wangu. Ukanionya kwa sauti ya chini, "Usiguse, Baba." Watu wanadhani kosa langu lilikuwa kurudisha ua. Kosa langu ni sauti ile uliyonionya nayo. Ilikuwa sauti yangu mwenyewe. Nilikuwa nimekupa woga wangu unishikie, nawe ukaushika vizuri, kama unavyoshika kila kitu ninachokupa.

Ilipita miaka. Jibu letu likaja, likawa jema, nikasoma tena, nikapata kazi ya ukarani kule Kista. Majira ya kwanza ya kuchipua nikiwa kazini niliingia kwa mkuu wangu na faili, nikaona mezani pake kikombe cha kuwekea yai, na ndani yake maua matatu yaleyale yenye miguu ya kuku. Nikamuuliza kwa adabu kama yale maua yanaruhusiwa.

"Tussilago?" akasema. Alidhani natania. "Binti yangu ameniletea. Kila mtoto wa nchi hii amewahi kumletea mama yake. Hata ukiyachuma yote, mwakani yatarudi na ndugu zake."

Nilirudi mezani kwangu nikakaa. Kumbe ua lako halikuwa gullviva hata kidogo. Sikulia, nilikuwa na simu za kupokea. Lakini siku nzima nilikuwa naiona ile kofia yako.

Bibi hakuwahi kuogopa namna hii, na mpaka leo sijui kama ni kwa sababu hakusoma au ni kwa sababu alikuwa Bibi. Nchi hii aliiingia kwa kupitia majani. Lugha ilimkataa, baridi ilimkataa, lakini ilipofika siku ya kwanza ya maskros, yale ya manjano yanayojaa kila penye nyasi mwezi wa tano, alisimama katikati ya uwanja akapiga makofi. "Mboga inakanyagwa!" Akachuma majani machanga, akayachemsha, akamwaga maji ya kwanza, akayapika na kitunguu na karanga. Chungu kama mgagani. Unakumbuka nilivyosimama mlangoni?

"Mama, hapo mbwa wanakojoa."

"Na kule kwetu mbuzi walikuwa wanakojoa wapi? Chooni?"

Ukala ukaomba tena. Mama yako naye akala. Mimi nilikula baada ya kuhakikisha kwamba nyote mmeamka salama.

Lakini nisikudanganye kwamba Bibi alikuwa sahihi siku zote na mimi nilikuwa mpumbavu siku zote. Unakwenda kufanya kazi na mimea, unajua kwamba haiko hivyo. Mama mmoja mzee, jirani wa ngazi ya pili katika jengo letu, alikuwa amemweleza kwa ishara kwamba zamani huku watu walitibu kikohozi kwa tussilago, maua na majani. Bibi alifurahi kama aliyepata barua kutoka nyumbani. Kule Burundi alikuwa na umuravumba wake wa kifua, na huku alikuwa amehangaika kutafuta badala yake. Akaanza kuyakausha majani yale chini ya kitanda. Mimi, ambaye husoma kila kitu, nikasoma kwamba mmea ule una kitu kinachoumiza ini mtu akiuzoea, na kwamba siku hizi wataalamu hawashauri kuunywa. Na wewe ulikuwa unakohoa, na Bibi alikuwa na kikombe mkononi.

"Wazee wa huku walikunywa wakazeeka," akasema.

"Waliozeeka ndio tunaowaona, Mama. Wasiozeeka watakuja kutusimulia?"

Bibi akamwaga kile kikombe kwenye sinki, akanuna siku nzima, kesho yake akarudi na asali na kitunguu kana kwamba ndivyo alivyopanga tangu mwanzo. Siku ile woga wangu ulikuwa na macho. Nimejaribu kuukumbuka mara nyingi ili niutofautishe na ule mwingine. Ule wa siku ya kikombe ulikuwa unakutazama wewe. Ule wa siku ya ua ulikuwa unajitazama wenyewe.

Majani yale makavu hakuyatupa. Yalibaki chini ya kitanda chake pamoja na mengine, na wewe ulikuwa ukilala kifudifudi sakafuni, kichwa umekiingiza mle, unanusa. Tulikuwa tunaona miguu tu. Mama yako alisema, "Baba Keza, huyu mtoto tutamtoa huko akiwa ameota majani." Nadhani safari yako ya kesho ilianzia pale. Hukuanza kuipenda mimea kwenye kitabu. Ulianzia chini ya kitanda cha Bibi, kwenye harufu ya vumbi na nyasi na ile marhamu yake ya miguu.

Na gullviva, ua langu la sheria, unajua liliishia wapi? Yule mama wa ngazi ya pili alikuwa na shamba dogo kisiwani, na ua hilo linaota lenyewe uani kwake, akamletea Bibi maua yake yaliyokaushwa kwenye bati la chai. Watu wa zamani waliyanywa wapate usingizi na kutulia moyo. Bibi alinimiminia kikombe. "Kunywa. Hii ni ya watu wenye moyo wa kuku." Ilikuwa chai nyepesi, ya manjano, ina utamu wa mbali kama asali iliyosahauliwa. Nililala vizuri. Kama ni maua, au ni kwa vile mama yangu alikaa pembeni mpaka nilipomaliza kikombe, sijui, na sijataka kukisomea kitabu.

Sasa nikwambie nilichokisoma. Ulipotupa habari kwamba umepata kazi kwenye shamba la mimea ya chai na dawa huko Jämtland, kaskazini, na kwamba mwezi wa nane utaanza shule hukohuko, nilikwenda maktaba. Mama yako alicheka, akasema wengine wakiogopa huenda kanisani, mume wangu huenda maktaba. Humo nikakuta kwamba zamani sana waganga wa Ulaya waliliita tussilago "mwana kabla ya baba." Maana mmea huu hauna adabu ya mimea mingine. Ua hutoka kwanza, peke yake, kwenye ardhi tupu, baridi ikiwa bado ipo. Majani, yale makubwa yenye umbo la kwato ya farasi, huja baadaye, ua likiwa limekwisha kuwa manyoya na upepo umelichukua. Jani halilioni ua. Linafika, linakuta mahali palipokuwa na mtu.

Nilikaa na kitabu kile mapajani mpaka nikasahau kwamba nimo maktaba. Nilikuwa natuona sisi. Wewe ndiye uliyetangulia kuota katika nchi hii. Ulikuwa na miaka minane, unasimama kati yangu na watu wa madirisha ya ofisi, mimi nanong'ona, "Waambie samahani, kama inawezekana, kama si usumbufu," nawe unasema kwa sauti, "Pappa anataka kujua lini."

"Sikusema hivyo," nakwambia.

"Ndivyo ulivyotaka kusema, Baba."

Na walikuwa wanajibu! Nilitembea nyuma yako hivyo miaka mingi. Nilijifunza Kiswidi kwa kuitazama shingo yako.

Kwa hiyo nisamehe kwa siku ile kanisani, yule mzee aliponishika bega akasema, "Baba Keza, miaka yote hii Ulaya, mtoto anakwenda kuchuma mchicha?" Mama yako alimjibu palepale, "Wa kwako anachuma nini? Usingizi?" Mimi nilicheka. Nilicheka pamoja naye, nikageuka, nikakukuta umesimama nyuma yangu na sahani ya wali. Ulinipa sahani. Nadhani swali lako la Jumapili lilizaliwa hapo.

Nimeiacha barua hapa kidogo, nikatoka.

Nimerudi. Nilishuka mpaka kwenye ule mteremko. Yapo, Keza, yamejaa, na jua lilikuwa limebaki upana wa kiganja tu. Kulikuwa na mama mmoja na mbwa wake, akasimama kunitazama, mwanamume mzima na viatu vya ofisini amechutama kwenye kokoto. Zamani ningejifanya nafunga kamba za viatu. Nikamwambia, "Hej." Akasema, "Hej." Mbwa naye akaendelea na shughuli zake. Nikachuma ua moja, taratibu, kwa shina lake la mguu wa kuku. Hakuna kilichotokea isipokuwa nimelishika.

Sasa liko mbele yangu kwenye kikombe cha yai, nami nalitazama likijifumba. Kesho asubuhi utalikuta limeinamisha kichwa. Usilitupe. Lifunge shina kwa karatasi yenye maji, uliweke kwenye dirisha la treni upande wa jua. Halijafa, limelala tu, aliyejua kuliko mimi alishasema. Mama yako anasema huko unakokwenda theluji bado imelala mashambani, maua yatatoka wiki nyingi baada ya ya huku. Kwa hiyo mwaka huu utaona majira ya kuchipua mara mbili. Nimeliwaza hilo jioni nzima, wewe unashuka kwenye theluji na hilo ua mkononi, umefika kabla ya msimu wenyewe.

Uliniuliza nataka au sitaki. Sitaki, mwanangu. Nikisema vinginevyo utanicheka. Lakini hilo ni langu, nitakaa nalo hapa, nitalinywea chai. Neno ulilokuwa unalingoja ni hili: nenda. Nimelisema kwa sauti hapa jikoni nikiwa peke yangu, nikasikia kwamba linatoka vizuri, na asubuhi nitalisema tena mbele yako kabla hujafungua mlango. Nenda, Mungu akutangulie, na wewe ututangulie sisi kama ulivyozoea. Jani litafuata.

Na mtu yeyote kwenye treni akikuuliza ua hilo umelitoa wapi, mwambie: amelichuma baba yangu.

Baba yako